Fuata Taka za Hospitali Mpaka Kwenye Majivu Kabla ya Kusaini Mkataba

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na zaidi tangu mji huu ulipotangazwa kuwa Jiji mwezi Aprili 2018, hospitali na vituo vyetu vya afya vimekuwa vikipokea wagonjwa wengi kuliko majengo yake ya zamani yalivyokusudiwa. Wodi mpya zimejengwa, vitanda vimeongezwa na maabara zimepanuliwa, lakini ule uwanja ulio nyuma ya jengo la mwisho, ambako taka hukusanywa na kuchomwa, mara nyingi umebaki kama ulivyokuwa. Hospitali kadhaa ninazozifahamu, za mashirika ya dini na za watu binafsi, zimefikia hatua ya kutafuta kampuni ya nje ya kuzichukulia taka zake hatarishi, na wenzangu wa afya mazingira huniuliza mara kwa mara namna ya kuichagua kampuni hiyo.

Nimekaa katika kamati za kutathmini zabuni za aina hii, nimesoma makabrasha ya waombaji na nimekwenda kutazama matanuri yao. Ninachoamini ni kwamba mzabuni wa taka za hospitali achaguliwe kwa kuanzia mwisho wa safari ya taka na kurudi nyuma. Kwanza tujue mzigo unaishia wapi na unaishia katika hali gani, ndipo tuulize unafikaje huko na nani anaubeba, na bei tuifungue mwisho. Kamati nyingi hufanya kinyume chake, kwa sababu bei inasomeka kwa dakika moja, ilhali kulijua tanuri kunahitaji safari, mafuta ya gari na siku nzima ya kazi.

Wapo wanaodhani kwamba mkataba ukishasainiwa, taka zinakuwa mali ya kampuni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imejengwa juu ya kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa gharama ya uchafuzi wake, na hospitali inayozalisha taka hatarishi haiuzi wajibu wake pamoja na mifuko ya njano inayowekwa taka zenye maambukizi. Mfuko ukikutwa umetupwa korongoni pembezoni mwa barabara ya Kondoa, kitakachosomwa juu yake ni jina la hospitali na la wodi, na atakayeitwa kutoa maelezo ni mganga mfawidhi kabla ya dereva wa gari.

Kabla ya kumtafuta mtu yeyote, hospitali ijue ina nini mkononi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba takribani asilimia 85 ya taka zitokanazo na huduma za afya ni taka za kawaida zisizo na madhara kuliko zile za nyumbani, na kwamba ni asilimia 15 tu ndiyo yenye maambukizi, kemikali, ncha kali au mionzi. Shirika hilohilo linakadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini kitanda kimoja huzalisha wastani wa kilo 0.2 za taka hatarishi kwa siku. Kwa hesabu hiyo, hospitali yenye vitanda 100 inatarajiwa kuwa na kama kilo 20 kwa siku. Makadirio hayo yanatosha kuanzia tu, kwa kuwa hospitali yenye chumba cha kujifungulia kinachofanya kazi usiku na mchana, au maabara kubwa, au huduma ya kusafisha damu, itakuwa na hesabu yake. Dawa yake ni mizani. Mizani ya kawaida ya kuning'iniza, daftari lenye safu za tarehe, wodi na uzito, na mhudumu mmoja aliyeelekezwa vizuri, vinatosha kuipa kamati takwimu zake yenyewe badala ya takwimu zitakazoletwa na mwenye kuuza huduma.

Mizani hiyo inafichua jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalokula fedha nyingi kuliko tofauti ya bei kati ya kampuni na kampuni. Ukifungua mfuko wa njano katika wodi ambayo utenganishaji wake ni hafifu, kwa uangalifu na ukiwa umevaa glavu nzito, utakuta maboksi ya dawa, chupa za maji ya kunywa, maganda ya ndizi na vyombo vya chakula alivyoacha ndugu wa mgonjwa, vyote vikiwa vimelala juu ya pamba zenye damu. Vyote hivyo sasa ni taka hatarishi kwa sababu vimegusana, na vyote vitalipiwa kwa bei ya taka hatarishi. Miongozo ya Wizara ya Afya imekwisha kutupa rangi: nyeusi au bluu kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zile zenye maambukizi makali, na sanduku la usalama, ambalo wodini tunaliita sefti boksi, kwa sindano na ncha nyingine kali, nalo lifungwe likijaa robo tatu. Hospitali inayotafuta mzabuni wakati ndoo zake hazina rangi wala vifuniko inatafuta mtu wa kumlipa kwa kusafirisha maganda ya ndizi. Taka za kawaida zina njia yake, kwa utaratibu wa Halmashauri ya Jiji mpaka dampo la Chidaya, na gharama yake haikaribiani na ile ya kuteketeza.

Turudi kwenye mwisho wa safari, ambapo ninashauri kamati ianzie. Waombaji wengi watasema wanateketeza kwa moto, na neno hilo linabeba vitu vingi visivyofanana. Tanuri linalostahili kupewa taka za hospitali lina vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza taka zenyewe zinaungua, na joto linatakiwa lifike angalau nyuzi 850 za Selsiasi. Moshi unaotoka humo hauendi moja kwa moja angani, bali unaingia chumba cha pili, ambako kichomeo kingine cha dizeli au gesi kinaupandisha hadi nyuzi 1100, nao unakaa humo kwa muda usiopungua sekunde mbili. Chumba hicho cha pili ndicho kinachozuia sumu za daioksini na furani, ambazo hutokea plastiki yenye klorini, kama ile ya PVC iliyomo katika mifuko mingi ya dripu na ya damu, inapoungua kwa joto la chini. Sumu hizo haziozi upesi. Zinatua kwenye majani, ng'ombe na mbuzi wanazila, zinakaa katika mafuta ya mnyama, na kutoka hapo zinaingia katika maziwa na nyama. Katika mkoa wa wafugaji kama wetu, ambako mifugo hulisha mpaka kwenye uzio wa hospitali, jambo hili si la vitabuni. Ni kwa sababu ya sumu za namna hiyo Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001.

Matanuri mengi madogo ya matofali yaliyojengwa katika vituo vyetu, yale ya muundo wa De Montfort uliobuniwa katika chuo kikuu cha jina hilo mjini Leicester, Uingereza, yalitusaidia sana wakati hatukuwa na kitu, hasa kuteketeza sindano za kampeni za chanjo, na kituo cha kijijini kinaweza kuendelea kulitumia la kwake pale ambapo hakuna njia nyingine. Hata hivyo, kampuni inayotoza fedha kwa huduma ya kitaalamu haipaswi kuwa na tanuri la kiwango hicho na kuliita la kisasa, na ziara moja inatosha kuutambua ukweli.

Katika ziara, omba kuona majivu. Msimamizi atataka kukuonyesha bomba la moshi, ofisi na vyeti ukutani, navyo vitazame kwa heshima, lakini mwombe afungue mlango wa chini wa kutolea majivu. Majivu ya tanuri linalofanya kazi yake ni ya kijivu hafifu, mepesi, ya ungaunga, yakiwa na vipande vya kioo vilivyoyeyuka na kuganda, na vijisindano vya chuma vilivyopauka kwa moto. Mahali pengine nilipokwenda, ambapo sitapataja, chepeo ilitoka na mabonge meusi, na ndani ya bonge moja kulikuwa na bomba la sindano ambalo tarakimu za mililita bado zilisomeka, pamoja na vidole vitatu vya glavu. Joto lililoshindwa kufuta wino kwenye plastiki haliwezi kuaminiwa kuwa limeua virusi vya homa ya ini. Kipima joto cha chumba cha pili, nilipokiulizia, kilikuwa hakifanyi kazi tangu siku ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Kwingine nilimkuta mzee mmoja mwendesha mitambo ambaye alinifundisha zaidi ya kabrasha lolote. Baada ya shikamoo na kuulizana habari za mvua, nilimwuliza kwa nini bomba lake linatoa moshi mweupe hafifu ilhali mengine hutoa moshi mweusi. Akanijibu, "Mwanangu, ukiona moshi mweusi ujue tanuri limelishwa kwa pupa." Alinieleza kwamba yeye huliwasha tupu kwanza mpaka lipate joto, kisha hulilisha kidogokidogo, akichanganya mifuko mikavu na ile yenye majimaji, kwa kuwa taka zenye maji mengi hushusha joto ghafla. Kulipasha joto tanuri tupu kunakula dizeli, na ndiyo hatua ya kwanza kurukwa na mtu anayebana matumizi. Kwa hiyo nikiwa kwenye ziara huomba daftari la mafuta na daftari la uteketezaji, nikayaweka pamoja: kilo zilizodaiwa kuteketezwa mwezi ule upande mmoja, lita za dizeli zilizonunuliwa upande mwingine. Kampuni ambayo kilo zake zinapanda mwezi hadi mwezi na dizeli yake inashuka inapaswa kueleza.

Majivu yenyewe nayo ni taka. Yana metali nzito, na sindano zilizomo, ingawa hazina vijidudu tena, bado zinachoma. Yanatakiwa kwenda katika shimo lililojengewa kwa zege na kufunikwa, lisilopitisha maji, au katika sehemu iliyotengwa na kuidhinishwa kwa ajili hiyo. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ya maji. Dodoma ni kame, mvua zetu ni za msimu mmoja, na sehemu kubwa ya maji tunayokunywa mjini hutoka visima virefu vya bonde la Makutupora. Mji unaokunywa maji ya ardhini hauwezi kuruhusu shimo lolote lichimbwe popote na kujazwa majivu ya hospitali, na kamati inayo haki ya kuuliza shimo liko wapi, limejengwaje, liko umbali gani kutoka kisima kilicho karibu, na likijaa itakuwaje.

Ipo njia ya pili isiyo ya moto, nayo ni ya mvuke: taka huwekwa katika mtambo wa otoklevu kwa nyuzi 121 au zaidi, chini ya mgandamizo, kwa muda usiopungua nusu saa, kisha husagwa na kupelekwa dampo kama taka za kawaida. Njia hii haitoi daioksini, na kwa taka zenye maambukizi na ncha kali ninaiona kuwa bora kuliko tanuri baya. Mwombaji anayeitumia aulizwe anathibitishaje kwamba mvuke umefika katikati ya mfuko, na jibu linalotakiwa ni vipimo vya mara kwa mara vya mbegu za bakteria zinazostahimili joto, ambavyo matokeo yake yameandikwa na kutunzwa. Aulizwe pia anafanya nini na vitu ambavyo mvuke hauviwezi, yaani dawa, kemikali na viungo vya mwili, maana hapo ndipo utakapogundua kama ana njia nyingine ya kweli au anakusudia kuvipitisha kimyakimya.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Mwombaji awe na kibali cha kushughulikia taka hatarishi chini ya sheria ya mazingira, na kamati isiridhike na kuona muhuri. Isome kibali kinaruhusu shughuli gani, kwa kuwa kukusanya, kusafirisha, kuhifadhi na kuteketeza ni shughuli tofauti, na mwenye ruhusa ya kusafirisha hana ruhusa ya kuchoma kwa sababu tu ana gari. Isome aina za taka zilizotajwa, mikoa inayohusika na tarehe ya kwisha. Kisha iandike barua au ipige simu ofisi ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), ambayo ipo hapahapa Dodoma, ithibitishe. Kama mwombaji anasafirisha tu na kumpelekea mtu mwingine aliye Dar es Salaam au kwingineko kuteketeza, mkataba wake na mtu huyo uonekane, na tanuri litakalotembelewa ni la huyo wa pili.

Umbali una maana kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba katika nchi za joto taka zenye maambukizi zisizopozwa zisikae zaidi ya saa 48 katika msimu wa baridi na saa 24 katika msimu wa joto. Anayeujua mwezi wa Novemba wa Dodoma, jua likiwa utosini na vumbi likipita chini ya milango, hana haja ya kuelezwa kwa nini. Kampuni inayokuja mara moja kwa wiki inakuachia wewe mzigo wa siku saba, na kama huna chumba baridi cha kuhifadhia, bei yake nafuu umeilipia kwa harufu, nzi na hatari kwa wahudumu wako. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 450, na gari linaweza kukwama njiani. Kwa hiyo kabla ya kufurahia ratiba, kamati iulize gari likiharibika Gairo saa nane ya mchana, ni gari gani litakalokwenda kuupokea mzigo, na baada ya muda gani.

Gari lenyewe liwe na bodi iliyofungwa, sakafu inayooshwa na isiyovujisha, alama za hatari zinazoonekana, na lisiwe ndilo linalobeba mchanga au mahindi siku nyingine. Mifuko ipangwe ndani ya mapipa magumu yenye vifuniko, isirundikwe juu kwa juu. Nikitaka kujua kampuni inavyofanya kazi, husimama karibu wakati wa kupakia kwa mteja wake wa sasa nikatazama mikono ya vijana. Ukimwona kijana anakumbatia mfuko wa njano kifuani ili aurushe juu, akiwa amevaa glavu nyembamba za kupimia wagonjwa na kandambili, umeshapata alama za kampuni hiyo katika kipengele cha usalama.

Hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo, kwa sababu vijana hao ndio wanaosahaulika. Mtu aliyechomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye virusi ana uwezekano wa takribani asilimia 0.3 wa kupata VVU, takribani asilimia 1.8 wa kupata homa ya ini aina C, na kama hajachanjwa, kati ya asilimia 6 na 30 wa kupata homa ya ini aina B. Kwa VVU zipo dawa za kinga, lakini lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Kwa homa ya ini B ipo chanjo, inayotolewa kwa kawaida katika dozi tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita. Kwa hiyo kamati idai kuona kadi za chanjo za wafanyakazi kwa majina, isikubali barua inayosema kwamba wafanyakazi wote wamechanjwa. Iulize kijana akichomwa Jumamosi usiku anampigia nani na anakwenda kituo gani. Iulize kama kampuni imesajiliwa na kuchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa maana ajali ikitokea bila hayo, familia ya kijana huyo itakuja getini kwa hospitali, nayo itakuwa na haki ya kuja. Binafsi, mwombaji anayeshindwa katika kipengele hiki ningemwondoa hata kama tanuri lake ni zuri kuliko yote.

Sasa nyaraka. Kila mzigo unaotoka uwe na hati ya ufuatiliaji inayoonyesha aina ya taka, idadi ya mifuko na mapipa, uzito uliopimwa mbele ya pande mbili, jina la dereva, namba ya gari na saa ya kuondoka. Nakala moja ibaki hospitalini, na baada ya kuteketezwa irudi ikiwa na saini ya aliyepokea na tarehe ya kuteketeza. Nimewahi kupitia kabrasha la mwombaji mmoja aliyeambatanisha hati zake za nyuma kama ushahidi wa uzoefu. Uzito wa kila wiki ulikuwa kilo 200 kamili, wiki baada ya wiki, na tarehe ya kuteketeza ilikuwa ileile ya kuchukua mzigo, ilhali tanuri lilikuwa mkoa mwingine na saa ya kuchukua ilikuwa jioni. Taka za hospitali hazitoki kwa namba za mviringo. Wiki moja zinakuwa kilo 183, nyingine 221 na nusu, kwa kufuata wagonjwa, na hati isiyotikisika namna hiyo iliandikwa mezani.

Baada ya hayo yote, bei ifunguliwe. Wapo wanaotoza kwa kilo, wapo wanaotoza kwa safari na wapo wanaotaka kiasi kimoja kila mwezi. Kwa hospitali iliyokwisha kujipima na inayotenganisha vizuri, bei ya kilo ndiyo ya haki, kwa sababu kila hatua ya kuboresha utenganishaji inaonekana kwenye ankara, mradi mizani iwe ya hospitali na ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Kiasi kimoja cha mwezi kina utulivu wa bajeti, lakini humpa mzabuni sababu ya kupunguza safari. Bei ya safari inafaa pale tu ambapo mzigo ni mdogo na umbali ni mrefu. Vyovyote itakavyokuwa, kamati ikae na karatasi na kalamu ikokotoe dizeli ya gari, dizeli ya tanuri, mishahara, vifaa vya kujikinga na matengenezo. Bei ikiwa chini ya jumla hiyo, kuna kitu hakitafanyika, na mara nyingi kitakuwa kule kupasha joto alikonieleza yule mzee. Hospitali za umma zitapitisha ununuzi huu katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa mujibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na ndani ya mfumo huo hakuna kinachozuia kamati kuandika vigezo vya kiufundi vinavyotaja joto, vyumba viwili, kadi za chanjo na ziara ya ukaguzi. Vigezo vikiandikwa kwa ulegevu, bei ndogo itashinda, na hakutakuwa na wa kulalamikiwa.

Mkataba utaje pia vitu ambavyo mzabuni hatavichukua. Kondo la nyuma libaki katika shimo lake hapo hospitalini, maana lina maji mengi na haliungui vizuri, na pia kwa heshima ya akina mama. Viungo vilivyokatwa ambavyo familia inapenda kuvizika, familia ipewe kwa utaratibu ulioandikwa. Dawa zilizokwisha muda zifuate taratibu za Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na uteketezaji wake usimamiwe. Dawa za saratani zinahitaji joto kubwa zaidi, nyuzi 1200, na matanuri mengi hayafiki hapo. Vipimajoto vya zebaki na mashine za shinikizo la damu za zebaki zisikaribie moto kabisa, kwa kuwa zebaki hugeuka mvuke na kuvutwa na kila aliye karibu. Chochote chenye mionzi kinahusu Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Makopo yenye gesi, kama ya dawa za pumu, hulipuka tanurini, kwa hiyo yatengwe wodini.

Kwa zahanati na vituo vidogo vya Chamwino, Bahi na Kongwa, ambavyo mzigo wao wa wiki hauzidi masanduku machache ya sindano na mifuko miwili mitatu, sioni sababu ya kila kimoja kutafuta mzabuni wake. Viungane, au viingie makubaliano ya maandishi na hospitali kubwa iliyo karibu, gari lipite kwa ratiba moja, gharama igawanywe kwa kilo, na hati ya ufuatiliaji ianzie katika kila kituo ili ijulikane kila sanduku limetoka wapi.

Miezi mitatu ya kwanza ya mkataba iandikwe kuwa ya majaribio, na katika kipindi hicho hospitali iwe na haki ya kwenda kwenye tanuri bila taarifa, saa yoyote ya kazi, na kupima mzigo upya. Iandikwe pia kwamba tanuri likiharibika mzabuni atoe taarifa ndani ya saa 24, akitaja mahali mbadala ambapo kamati ilikwisha kupakagua, na kwamba kushindwa kufanya hivyo mara mbili kunaipa hospitali ruhusa ya kuvunja mkataba na kumwita mwombaji aliyeshika nafasi ya pili, ambaye kabrasha lake lisirudishwe wala kutupwa mpaka mwaka uishe.